Kibali cha Kupaa Juu ya Matanga ya Baba

Yule mama wa kaunta ya vibali pale Kitale nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Alikuwa anakula njugu kutoka kwenye kikaratasi, na droni yangu ilikuwa juu ya kabati nyuma yake, imefungwa kamba ya katani na kubandikwa karatasi yenye nambari. Mimi hupiga picha za arusi na mazishi. Askari walikuwa wameninyang'anya Jumamosi, bibi arusi akiwa ndio anashuka garini, eti niliirusha karibu na uwanja wa ndege bila kibali. Kitale ni mji mdogo na uwanja wa ndege uko pale pale. Ukipima kila hatua kama wanavyotaka, hakuna arusi ya mjini utakayoipiga kutoka juu.

Ningeiacha iozee pale kwenye kabati, lakini Jumatatu baba akafa nyumbani Kabuchai. Nikaitaka droni kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Siku hizi mazishi ya watu wakubwa upande ule yanapigwa kutoka juu: hema, magari, umati, mahindi yote yanaonekana. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu na baiskeli yake. Niliapa kwamba naye ataonekana hivyo, na kwamba kijiji kitaona ile kazi yangu aliyokuwa akiiita kazi ya kuchezea vioo.

"Madam, niko na matanga," nilimwambia yule mama.

"Pole sana. Barua ya chifu iko wapi?"

"Chifu wa wapi?"

"Wa kule unataka kurusha. Na barua ya polisi wa huko. Na ya kusajili hii kitu. Ukileta zote nitakupea fomu."

Alisema hayo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichemsha. Mtu mbaya unaweza kumtukana ukaenda zako.

Nikaenda Kabuchai, nikapata barua ya chifu, kisha nikashuka Bungoma mjini kutafuta ya polisi. Afande niliyempata alisoma barua ya chifu mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu.

"Hii droni ilishikwa Kitale," akasema. "Si uende Kitale, bana."

"Lakini matanga iko Bungoma, mkubwa."

"Ndio. Lakini droni iko Kitale."

Nilimwuliza kama anataka nilete maiti Kitale ndipo vitu viwe pamoja. Akaniambia nitoke nje nikapoe. Nilitoka, nikakaa kwenye ukuta wa maua nikimlaani yeye na kizazi chake, nikarudi na uso wa mtoto wa kipaimara. Aliniandikia barua saa kumi jioni, mistari miwili. Siku tatu zilikuwa zimekwenda. Ndugu zangu walikuwa wanachimba kaburi na kununua ng'ombe, nami nilikuwa nasimama kwenye foleni, na kila mmoja wao alinipigia simu kuniambia hivyo.

Nilirudi Kitale na barua zote. Yule mama akanipa fomu, nikaijaza kwa hasira, nikiweka alama haraka haraka. Mahali fulani iliuliza kama watu watakaokuwa chini ya chombo wamejulishwa na wamekubali. Nikaweka ndiyo.

Akasimamisha kalamu hapo. "Hawa watu umewauliza?"

"Madam, ni boma ya babangu. Niulize ruhusa ya kuingia kwetu?"

"Si kuingia. Ni kupita juu yao."

"Madam, tafadhali. Piga tu muhuri."

Alinitazama kidogo, akapiga. Akaishusha droni na kuifungua ile kamba kwa uangalifu, akanipa pole mara ya pili. Mpaka leo sijamsamehe lile swali.

Siku ya mazishi kila kitu kilikwenda nilivyotaka. Droni ilipaa, watoto wakaipungia mikono, na mshereheshaji akatangaza kwenye spika kwamba mwendazake anapigwa picha kutoka mbinguni. Baba mdogo, aliyenifuata siku nzima akiniuliza kama betri inatosha, alikuwa amevimba kwa fahari kuliko mimi. Basi nikajua na siku ya tatu nitairusha.

Siku ya tatu baada ya kumzika mzee kwetu ndiyo siku yenyewe. Huja mzee wa faraja, mtu wa ukoo wenye kipaji hicho, akafanya kinachoitwa kumuse. Watu hukaa chini wakimwachia njia katikati, naye hutembea na fimbo yake akisema: ukoo ulitoka wapi, nani alimzaa nani, walipigana na nani, mpaka amfikie aliyekufa na kumweka mahali pake. Huanza mapema na kumaliza kabla jua halijakuwa kali. Akiwa anasema, hakuna anayesimama, wala hakuna anayekatiza mbele yake. Haya niliyajua. Nikiwa mtoto nilichapwa kofi kwa kuinuka kwenye kumuse ya jirani, na aliyenichapa alikuwa baba.

Ndiyo maana sikuinuka. Hili nalisema kwa sababu watu wa kwetu huniuliza kama nilikuwa mlevi. Nilikaa kwenye nyasi kama wengine, miguu nimeikunja, rimoti mapajani, na niliona kabisa kwamba nimeshika mwiko. Mzee mwenyewe sikumwuliza. Wazo hilo halikunijia hata kidogo. Nilikuwa na barua ya chifu, barua ya polisi na kibali cha Kitale mfukoni, na baada ya wiki ile yote sikuamini kama duniani amebaki mtu mwingine wa kuombwa.

Droni ilitoka upande wa migomba, ikashuka kidogo nilipotaka kupata sura ya mzee, ikapita mbele yake. Kivuli chake kilikata njia hatua mbili kutoka miguuni pake.

Mzee alisimama. Hakutazama juu. Alitazama pale kivuli kilipopita, kisha akaibana fimbo kwapani, akageuka, akaenda zake kwa njia ya shamba la miwa. Hakuna aliyeinuka kumzuia, maana hakuna aliyejua kama sasa inaruhusiwa kuinuka. Tulikaa vile mpaka jua likatuchoma.

Baba mdogo ndiye aliyenifikia wa kwanza. "Wewe umefanya nini? Hiyo kitu imekata mbere yake!"

"Papa, niko na permit," nikasema, na nikaitoa, Mungu anisamehe.

Aliichukua, akavaa miwani, akaisoma yote mpaka kwenye muhuri. "Ni karatasi mzuri," akasema akinirudishia. "Sasa mperekee asome."

Nilimfuata mzee mchana huo kwake, upande wa Chwele. Alinipa chai. Aliniambia hana hasira na mimi, ila kazi ile hairudiwi, na hakuna mwingine atakayeishika mahali alipoiacha. Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia sheria inaniruhusu, nimezunguka wiki nzima, nimefuata kila kitu walichoniambia, yeye ni nani. Nilipiga kelele mbele ya wajukuu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndio," akasema. "Nimesikia. Kunywa chai."

Jioni mama alinikuta nyuma ya jiko nikipanga vifaa vyangu. Asubuhi alikuwa amekaa mbali, nyuma na wajane wenzake, na masikio yake si ya zamani. Aliniuliza mzee alikuwa amefika wapi alipoondoka. Mimi sikujua. Nilikuwa natazama kioo cha rimoti. Ilinibidi niende kumwuliza dada yangu, kisha nirudi.

"Alikuwa amemaliza babu," nikamwambia.

"Basi baba yako hakutajwa."

"Hakutajwa, mama."