Mayai Ishirini na Sita na Upepo wa Iguguno

Jambo lote lilinigharimu majogoo manne, mayai kumi na saba, na kazi moja ambayo nilikuwa bado sijaipata. Nimehesabu tena leo asubuhi, hesabu ni ileile. Nimerudi Iguguno wiki hii kubadilisha bati za nyumba ya marehemu bibi, na fundi aliye juu ya paa ameniuliza tundu hili lilikuwa la nini. Nikamwambia la waya. Akauliza waya gani, na umeme wenyewe umefika juzi. Nikashuka ngazi, nikakaa kivulini, maana maelezo yake si ya kutoa ukiwa umesimama.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko kwa bibi aliyenilea, natafuta kazi. Niliandika barua za maombi arobaini na moja. Majibu yalikuja mawili, na moja lilikuwa la kuniomba niache kuandika. Wewe unanijua, mikono yangu ilikuwa haijui kutulia. Kati ya barua na barua nilipima mvua kwa kopo la maziwa na rula, nikauchora mwezi mpaka daftari likaisha, nikachemsha maua ya alizeti kutafuta rangi ya kuandikia mabango. Rangi ilitoka nzuri, ya njano iliyokolea. Baada ya siku tatu juani, maandishi ya bango la kinyozi yalikuwa yamefifia, yamebaki nusu, na kinyozi akataka kulipa nusu.

Bibi alikuwa akipepeta mtama uani, pumba zinapeperuka hadi kwenye mlenda wa mchana. "Mume wangu," aliniita hivyo kama bibi yeyote na mjukuu wake, "leo tunapika maua au tunapima mbingu?"

Kisha nikaona upepo. Kwetu upepo si habari, unabeba ungo wa mtu hadi kwa jirani na hakuna anayeshangaa. Nikaenda gereji ya barabarani kutafuta dainamo ya lori. Fundi alitaka majogoo sita, nikatoa matatu.

"Dogo, hii dainamo imefika Kigoma na kurudi."

"Ndiyo maana imechoka, kaka."

Tukakutana kwenye manne. Nikachonga mapanga ya kushika upepo kutoka bomba la plastiki, nikasimamisha mlingoti, nikashusha waya kupitia paa hadi kwenye betri kuukuu ya gari, na kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu mbili ndani ya sanduku la mbao. Sanduku la kutotoleshea vifaranga. Balbu zikawaka, kipimajoto kikatulia palepale nilipotaka.

Mama jirani akaja kutazama. Mdondo ulikuwa umemaliza kuku wake wote, na kwetu kuku ndiyo chumvi, sabuni na daftari za watoto. Alikuwa amekusanya mayai kwa ndugu zake wa Kinyangiri, ishirini na sita, akitafuta kuku wa kuyalalia.

"Hili lako linaweza?"

"Linaweza, mama."

Aliyaweka moja moja, akiangalia uso wangu zaidi ya mayai.

Siku kumi na sita nikayageuza mara tatu kwa siku bila kukosa. Siku ya kumi na saba ilikuwa ya usaili, lile jibu la pili: karani wa ghala la alizeti, Singida mjini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku. Mimi mpima mvua, mwenye kopo na rula, sikuwaza kwamba kwetu mvua zikiingia upepo hulegea. Mtoto aliyekulia pale hafundishwi kwamba upepo unaweza kuisha.

Waliniketisha mbele ya watu watatu, nyuma yao dirisha, na nje ya dirisha bendera. Bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama nguo iliyosahauliwa. Betri yangu ilikuwa haiwezi kumaliza hata nusu siku peke yake.

"Ukikuta mzigo umepoa sokoni, utamshauri nini mwenye mali?"

"Aufunike blanketi," nikasema.

Walitazamana. Nikaomba radhi, nikatoka, nikadandia lori la mahindi.

Nilipofika, sanduku lilikuwa wazi. Bibi na mama jirani walikuwa wameyalaza mayai kwenye ungo, juu ya pumba zilizopashwa moto, na blanketi la bibi juu yake. Kipimajoto walikuwa wamekiweka pembeni. Bibi aligusisha yai kwenye kope la jicho lake, akatikisa kichwa, akaongeza pumba. Hakuna aliyenisema. Tulipokezana siku nne, na mama jirani hakuacha kuyagusa kama mtu anayepapasa mtoto mwenye homa. Wakatoka vifaranga tisa. Nilitaka kuanza maneno ya kumfidia, akanikatiza: "Niache kwanza niwaone." Akapiga magoti, akawatazama wanavyokauka.

Ghala halikuniita tena. Kazi niliipata baadaye, mbali, ya kudumu. Bibi ameondoka. Mahali pa kupepetea mtama pameota majani.

Jana nilikwenda kumwamkia mama jirani. Amezeeka, kuku wamejaa hadi mlangoni, sikuweza kuwahesabu hata mara moja.

"Marahaba, baba. Siku hizi unatengeneza nini?"

"Nina kazi, mama. Ofisini."

"Ya kazi niliambiwa. Nauliza unatengeneza nini."

 Nina miaka sijashika bisibisi. Sijui hata lini nilichora kitu mara ya mwisho, na nilipoacha sikuona kama nimeacha. Yule kijana wa barua arobaini na moja alikuwa hana kitu, lakini kwa swali hilo angemchelewesha mama wa watu mpaka jioni.

"Umechoka na safari," akasema. "Jumapili njoo ule, utanieleza vizuri."

Jumapili ni keshokutwa. Wewe uliyenijua wakati ule, nishauri: nimwambie nini?