Onyo Likitokea, Endelea

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa watu wanaotunza, bila malipo, maktaba ya michoro: mkusanyiko wa programu huria ambao programu nyingine huutumia kuchora mistari, duara na herufi kwenye kioo cha kompyuta. Wenzangu wametawanyika duniani na sijawahi kumpa mkono hata mmoja. Ni watu wenye akili nyingi mno. Waliwahi kubishana wiki tatu kama toleo jipya liitwe la tatu au la mbili nukta tisa, kwa heshima na kwa ushahidi, na wiki hizo zote hakuna aliyekumbuka kwamba sura ya kusakinisha haijaandikwa. Nilipolalamika walinishukuru sana, wakanipa mimi kazi hiyo.

Basi nikawa mwenye kuandaa matoleo na kuandika mwongozo wa watumiaji, hadi wa Kiswahili, nikiwa kwetu Burungu. Kichwa kilinivimba. Nilitembea kijijini kama mtu aliyesomwa jina redioni, na Mama akaendelea kunituma maji.

Mama anauza maziwa. Kwetu muuzaji humimina maziwa kidogo kwenye kifuniko cha bidoni, yaani dumu lake, akayanywa mbele ya mnunuzi, ndipo apime. Hata kwa mteja wa miaka mingi hufanya hivyo. Mimi, mtu wa matoleo, nilikuwa naicheka desturi hiyo. Nilimwambia siku hizi kuna vipimo vya maziwa, havihitaji mdomo wa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanywa kifuniko chake.

Kuandaa toleo nako kuna orodha ya kukagua. Mstari wa mwisho unasema: pakua kifurushi cha toleo upya, kisakinishe kwenye mashine ambayo haijawahi kukiona, fuata mwongozo neno kwa neno. Lakini kwetu mtandao hushika vizuri juu ya kilima tu. Nilipanda, nikapeleka kifurushi mtandaoni, mvua ikaanza. Kukipakua tena kulimaanisha kukaa pale asubuhi nzima nikitazamana na ng'ombe. Kwenye mashine yangu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nikaweka alama ya vema kwenye mstari ule, nikatangaza toleo, nikashuka nyumbani kunywa chai. Pongezi zilikuja kutoka nchi ambazo sizijui hata kwenye ramani.

Mwongozo wenyewe niliuona mtamu. Kulikuwa na onyo moja kuhusu herufi ambalo hutokea mara kwa mara, na sikujua linatoka wapi. Mwandishi wa mwongozo hapendi kuonekana hajui. Nikaandika: "Onyo likitokea, lipuuze, endelea." Ukurasa uliofuata nikaongeza kwamba picha ya kwenye kioo si ya mwisho, itakamilika wakati wa kuchapisha, mtumiaji asiwe na wasiwasi.

Mtumiaji wa kwanza alikuwa mdogo wangu wa kike, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari huko Muheto. Alikuwa amemwahidi prefe, yaani mkuu wa shule, kwamba mtihani wa majaribio, ambao inspekta wa shule angekuja kuuona, utakuwa na michoro iliyochorwa kwa kompyuta, kila mwanafunzi na karatasi yake. Prefe alisita, dada akasema yeye ndiye dhamana. Akaufuata mwongozo wangu akiwa ameweka rula chini ya kila mstari. Onyo likatokea, akaendelea. Kwenye kila kona ya pembetatu akaona kisanduku kitupu, akataka kunipigia simu, kisha akafungua ukurasa uliofuata na kusoma kwamba asiwe na wasiwasi. Akaenda mjini Kitchanga kuchapisha.

Siku ya mtihani wanafunzi walipewa pembetatu nzuri sana zenye visanduku vitupu, na swali likiwauliza ukubwa wa pembe ABC. Inspekta aligeuza karatasi juu chini. Dada akaandika herufi ubaoni, kona moja baada ya nyingine, huku prefe amesimama nyuma ya darasa amekunja mikono. Kisa chake ni kidogo, kinatia aibu: folda ya maumbo ya herufi haikuwemo kwenye kifurushi. Ilikuwa kwenye mashine yangu tu, kwa hiyo kwangu herufi hazikukosekana hata siku moja.

Jumamosi alikuja nyumbani, akaweka karatasi mezani. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Kaka, kitabu yako ilisema niendelee. Nikaendelea."

Kwenye karatasi moja, binti mmoja alikuwa ameandika kwamba pembe hii haina jina.

"Huyu njo nilimupa pointi zote," dada akasema.

Nikaanza kueleza: folda, mtandao, mvua. Mama alikuwa anasuuza bidoni.

"Weye ulionja?"

"Mama, kwa mashine yangu ilikuwa inatumika."

"Siulizi ya kwako. Naulizia ile yenye ulimupa mwenzako."

Niliona aibu hadi masikioni. Nikaondoa toleo lile, nikawaandikia wenzangu ukweli. Walinijibu kwa upole, kisha wakaanza kubishana kama toleo lililorekebishwa lihesabiwe jipya.

Dada alimwomba prefe nafasi moja zaidi, naye akakubali kuja darasani kuona mwenyewe akisakinisha upya kwa kufuata mwongozo. Nikapanda pikipiki hadi Muheto na kifurushi kilichokamilika. Sharti la dada lilikuwa moja: nikae benchi la nyuma, mikono chini ya mapaja, nisiseme neno. Hatua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Hatua ya tatu onyo lile likatokea, na safari hii nilijua sababu yake, nilijua hutokea hata herufi zote zikiwemo na halidhuru kitu. Dada akafungua mwongozo. Ule mstari wa kupuuza nilikuwa nimeufuta, tena kwa fahari, na mahali pake sikuwa nimeandika chochote. Akafunua mbele, akafunua nyuma, akanigeukia. Nikauma midomo. Prefe akatazama saa.

Dada akafunga mashine, akachukua chaki, akaanza kuchora pembetatu ubaoni kwa mkono.