Geji na Jaribio la Uji wa Saruji

Mgodini walimwita Geji, na jina lenyewe alijitafutia. Alikuwa fundi wa pampu kwa miaka ishirini na miwili, jicho halibanduki kwenye geji ya presha. Hata mkewe akinuna nyumbani, alisema presha inapanda, afadhali atoke nje kidogo. Utani ulimwishia siku handaki la nne lilipoporomoka na kumfunika mdogo wake pamoja na wenzake wanne.

Miezi saba ikapita, hakutolewa hata mmoja. Wakubwa walizungumza weee, mpaka maji yakajaa chini na nyumba zilizo juu ya handaki zikaanza kupasuka kuta. Hapo ndipo waliposhtuka. Kumbe nyufa zina haraka kuliko maiti. Wakaamua handaki lijazwe uji wa saruji, lifungwe moja kwa moja. Ila kwanza lifanyike jaribio dogo. Uji ukipita vizuri kwenye bomba la mpira la mita themanini na kukomaa inavyotakiwa, handaki litajazwa. Ukikataa, itabidi wachimbe na kusimamisha nguzo za chuma, na wakichimba watawafikia waliofukiwa.

Mama yake Geji alimuuliza mara moja tu.

"Huo uji ukikataa, watamtoa?"

"Watamtoa, mama."

"Haya." Geji aliona afadhali mama angelia.

Na nani wa kufunga mitambo? Geji huyo huyo. Alisimamisha mashine ya kuchanganyia, akaunga pampu, akatandaza mpira ukienda na kurudi nyuma ya karakana, geji moja huku na nyingine kule. Akapaka mafuta kalibu za kufinyangia vipande vya saruji vya kupima ugumu, akajaza tangi la maji ambamo vipande vingelazwa siku ishirini na nane vikomae. Mwisho likaletwa sanduku kubwa la chuma, la kujazwa mawe yaliyovunjika kama yalivyo kule chini. Aliyapanga kwa mikono. Kila jiwe alilolishika alimwaza mdogo wake, na kwa mara ya kwanza akaichukia kazi yake.

Sasa, mpira mkavu haupelekewi uji. Unatanguliziwa saruji nyepesi ya majimaji. La sivyo uji unapoteza maji njiani, unakuwa mzito na kuziba. Hilo hata mfagiaji wa karakana analijua. Asubuhi ya jaribio Geji alijifanya hamnazo. Hakulowanisha kitu. Akawasha.

Mhandisi, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameshika ncha ya mpira kule kwenye sanduku. Sindano ya geji ikapanda. Kumi. Kumi na tano. Kwenye kiungo karibu na magoti ya binti, mpira ukavimba. Kiungo kikifyatuka kwa presha ile kinavunja mguu, au kichwa. Geji alichelewa kuzima kwa pumzi mbili, tena kwa kukusudia, na pumzi hizo hadi leo hazimtoki moyoni. Kisha akazima na kuifungulia presha itoke.

Binti akaja akipangusa mikono. "Mzee, mpira ulilowanishwa?"

"Hapana."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Mdogo wangu yumo mle handakini."

"Pole sana, mzee. Sikujua. Naweza kuomba fundi mwingine."

Geji akamwaza huyo mwingine, anapiga mluzi huku anamwaga uji kama anayeziba choo kibovu.

"Usilete mtu," akasema. "Niache nioshe mpira. Kesho tunarudia."

Kesho yake aliulowanisha mpira, na uji ukapita bila kikwazo. Siku ya ishirini na nane vipande vilitolewa tangini, vikabanwa kwenye mashine, vikagoma kuvunjika mpaka sindano ikaivuka alama iliyotakiwa. Wakubwa walipeana mikono. Geji alikwenda kwa mama yake akamweleza yote, hata habari ya mpira mkavu. Mama alimsikiliza, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku ya kujaza handaki, mama alikuja mwenyewe mgodini, akasimama kando ya pampu kubwa. Geji alijua amekuja kumlaani, na alikuwa tayari.

"Ni wewe utakayewasha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi anza polepole, baba. Mdogo wako hapendi kushtuliwa usingizini."

Geji akafungua valvu robo tu, akaanza polepole.