Nyoka Haulizwi

Jana sokoni Karatu nilipita karibu na magunia ya kahawa, na ile harufu ya vumbi na maganda ikanirudisha kanisani, nikiwa binti mdogo wa vibarua wa shambani, nimevikwa gunia kama hayo, natambaa kwa tumbo kwenye sakafu ya baridi.

Tulikuwa tunaigiza habari za bustani ya Edeni. Kwenye mazoezi niliona kwamba Mungu anamuuliza Adamu, kisha anamuuliza Hawa, halafu ananigeukia mimi na kunilaani moja kwa moja.

"Mwalimu, mimi naulizwa saa ngapi?"

"Nyoka haulizwi. Wewe tambaa tu."

Hata hivyo nilitunga jibu langu, nikalikariri wiki nzima nikienda kuchota maji. Jumapili ilipofika, mzee wa kwaya aliyeigiza Mungu akaanza kunilaani, nami nikasimama na gunia langu.

"Niulize na mimi kwanza!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanishika sikio, akanitoa nje, na igizo likaendelea bila nyoka.

Mama alinifuata. Akanivua gunia, akanipangusa magoti, akachuchumaa mbele yangu.

"Haya mwanangu, mimi nakuuliza. Kwa nini ulimdanganya Hawa?"

Nilifungua kinywa. Kwa hasira, katika maneno yote niliyoyakariri sikupata hata moja. Nikabaki namtazama, nalia, naye akaendelea kusubiri.