Vyuma vya Miguu vya Makarius

Makarius tulimkumbuka mara moja kwa mwaka, Ijumaa Kuu. Siku nyingine zote alikaa kibandani kwake, mwisho kabisa wa safu ya nyumba tulizopangiwa tulipohamishiwa kijijini, akitengeneza koroboi na faneli za bati. Mteja alichukua chake akaenda. Hakuna aliyeketi. Mguu wake wa kulia ulipooza utotoni, ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe, na sisi watu wa Mpimbwe, tusidanganyane, tuna macho yasiyo na adabu.

Kanisani kulikuwa na picha ya Ufufuko: askari wamelala kando ya kaburi, wamevikwa vyuma toka mapajani hadi vidoleni, hata goti lina kifuniko chake. Makarius aliitazama picha ile kuliko alivyomsikiliza katekista. Akakata madebe ya mafuta ya taa, akayafua, akayaunga kwa kamba za ngozi ya mbuzi. Alipoyavaa, miguu yake ililingana. Tangu hapo, kila Ijumaa Kuu tulipoigiza Njia ya Msalaba, askari akawa yeye.

Na siku hiyo alikuwa na watu. Watoto walimrushia magunzi ya mahindi, bati likalia, wakubwa wakazomea. Bibi Marsela, jirani yake, aliwashinda wote kwa matusi. "Hayawani wee, mama yako alikunyonyesha kwa ajili ya kazi hii?" Makarius alinguruma na kuinua mjeledi, lakini usoni alikuwa na furaha ya bwana harusi.

Mwaka wa sabini na sita akaja padre mpya, kijana msomi. Akayatazama yale mabati, akatabasamu.

"Ndugu Makarius, hivi ni vyuma vya Wazungu wa karne nyingi baada ya Yesu. Mchoraji aliwavika askari mavazi ya kwao. Mrumi alitembea magoti wazi."

"Kwa hiyo nivue, Padre?"

"Vua, tufuate ukweli."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sawa. Padre hakukosea, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Makarius angeweza kukataa, ila angebaki kibandani hata siku ile moja aliyokuwa nayo.

Ijumaa Kuu ilipofika akatoka na kaptula. Alinguruma vilevile, akainua mjeledi vilevile. Watoto walikuwa na magunzi yao tayari, mama zao wakawashika mikono. Hakuna aliyezomea. Njia nzima tulisikia ule mguu ukiburuta kwenye kokoto.

Mbele ya Bibi Marsela akasimama, akamngojea. Bibi akainamisha macho.

"Pole, mwanangu," akasema.

Makarius akashusha mjeledi. Alisema kwa sauti ndogo, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia.

"Nitukane, mama."

Bibi alijaribu, nilimwona. Midomo ilicheza, tusi halikutoka.