Gesi Iliyoishia Bunagana

Wale wanaomcheka Madame Katungu pale kwenye bomba la maji la mtaa wetu wa Ndosho, wakimwita mwalimu wa vyeti vya uongo, wanacheka jambo wasilolijua. Mimi ninalijua. Nimelinyamazia mwezi mzima, na ukimya huo umenichosha kuliko kukanda unga. Leo nitalisema lote, na mwenye kununa anune.

Kwanza mjue ni mtu wa namna gani. Katungu ni mzaliwa wa Butembo, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Amefundisha darasa la pili miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo mshahara ulimfikia pale walio juu walipomkumbuka. Amegombana na watoza ushuru wa soko, na mapadri, na hata kuku wa jirani. Alipostaafu, parokia ikampa chumba cha kufundishia nyuma ya kanisa, akaanza kuwafundisha akina mama kusoma kila Jumamosi mchana. Chaki alinunua mwenyewe.

Akina mama kumi na watano wa darasa lile ndio walioanzisha tanuri letu la mikate. Mimi, Dancille, mtu wa Kalengera niliyekimbilia Goma na watoto mgongoni, nilikuwa wa kumi na sita. Sikuwa mwanafunzi wake. Nilisoma sekondari miaka minne kule Rutshuru kabla ya kuolewa, ndiyo maana wakanifanya katibu. Mwenyekiti wetu ni Mama Émérance, mwenye mikono mipana ya kukandia. Tulinunua kiwanja kidogo juu ya mawe ya volkano, kila mmoja akichanga alichoweza kwa miaka mitano. Mashamba yetu vita vilikwisha kuyachukua. Kiwanja kile ndicho kitu pekee duniani chenye majina yetu.

Tulioka kwa makala. Moshi ulitula vifua, na makala nayo yakazidi kupanda bei. Ndipo akaja Rodrigue, kijana wa kampuni moja ya gesi, mpole, amesoma chuo kikuu, viatu vyake havina hata vumbi la lava, Mungu anajua alipita wapi. Akasema kampuni yake italeta gesi asilia katika mitungi mirefu ya chuma, kutoka ng'ambo, kupitia Uganda. Mama Émérance akamwuliza kwa nini tununue ya mbali wakati ziwa letu limejaa gesi huko chini. Rodrigue akacheka, akasema ya ziwani itakuja siku yake. Sisi tukacheka naye.

Mkataba ulikuwa kurasa kumi na mbili, Kifaransa kitupu. Kabla ya siku ya kuutia sahihi, Rodrigue alimfuata Madame Katungu darasani akamwomba msaada. Mnajua desturi ya ofisi zetu: sahihi peke yake haitoshi, lazima uandike kwa mkono wako mwenyewe juu yake, *Lu et approuvé*, yaani nimesoma na nimekubali. Akaomba awafundishe akina mama maneno hayo matatu, yatoke vizuri. Katungu akaona fahari. Jumamosi mbili nzima mama wale waliandika maneno matatu, wakafuta, wakaandika tena, hadi herufi zikasimama wima. Hakuna aliyemwonyesha mkataba wenyewe. Alipouomba, Rodrigue akasema nakala yake iko njiani.

Siku ya sahihi, Katungu hakuwepo. Alikuwa Butembo kumzika kaka yake. Tulikaa katika ukumbi mdogo wa hoteli moja, chupa za sucré baridi, yaani soda, zimepangwa mbele yetu, na Rodrigue akatusomea mkataba kwa Kiswahili. Kifungu baada ya kifungu, kila kitu kitamu: gesi safi, mitungi mizima, fundi wa kufunga mipira ya gesi bure. Mama wakapiga makofi. Halafu mmoja mmoja wakainama, ulimi pembeni mwa mdomo, wakaandika maneno yao matatu. Nilikuwa nayapokea makaratasi kwa kuwa ni katibu.

Miezi mitatu tulioka mikate mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Kisha milio ya silaha ikasikika upande wa Rutshuru, barabara ikafungwa siku kumi na saba. Hakuna mtungi uliofika. Tukarudi kwenye makala, tukavumilia, tukasema vita si kosa la kampuni. Barabara ilipofunguliwa, kitu cha kwanza kutufikia kilikuwa barua. Ilisema tumepokea mitungi arobaini ya mwezi ule na hatujailipa. Tusipolipa kwa siku thelathini, kiwanja kinachukuliwa.

Madame Katungu alikuwa amerudi. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaomba mkataba, akaketi kwenye gunia la unga na kamusi yake iliyopasuka. Alikaa hapo siku mbili. Siku ya tatu alileta ubao wa darasani, akauegemeza kwenye tanuri, akatueleza vifungu kama anavyoeleza hesabu za kutoa.

Kifungu cha nne kilisema kila mwezi tunahesabiwa mitungi arobaini. Tukiichukua tunalipa, tusipoichukua tunalipa vilevile. Alisema ni sawa na mteja aagize mikate arobaini kwetu, na tumdai hata kama hakuja kuichukua. Mama Émérance akasema hilo si baya sana, maana mkate umeokwa. Katungu akamwambia asubiri. Kifungu cha saba kilitaja mahali pa kukabidhiana gesi, na mahali hapo si Ndosho wala Goma. Ni kizuizi cha mpakani Bunagana. Mtungi ukivuka kizuizi ni wetu. Ukikwama ni wetu, ukiibwa ni wetu. Lori lilikuwa limevuka Bunagana, likakuta njia imefungwa, likageuza, likarudi Uganda na mitungi hiyo hiyo waliyosema ni yetu. Na kifungu cha kumi na moja kilihesabu mambo yanayomshinda binadamu: vita, volkano, barabara kufungwa. Yakitokea, muuzaji anasamehewa. Mnunuzi hakutajwa popote. Cha kumi na nne ndicho kilichoweka kiwanja rehani.

Vifungu hivyo vinne Rodrigue alivichuja alipotusomea, kama mtu anayechambua maharage. Cha saba alikisoma nusu, akaacha mahali. Mtu anakaa mezani na wanawake waliokimbia vijiji vyao, anawanywesha sucré, anawachukulia udongo wa mwisho walio nao, kisha anawasindikiza hadi mlangoni akiwaita mama.

Lakini ubaya mkubwa ulikuwa nyuma ya mkataba. Katungu aligeuza ukurasa wa mwisho akakuta nakala za vyeti kumi na vitano vya darasa lake, vimebandikwa hapo kama ushahidi. Kila cheti kilisema mwenye jina hili anasoma na kuandika Kiswahili na Kifaransa. Chini, sahihi ya Katungu. Kisha akatueleza kuwa vyeti vilichapishwa na shirika lililosaidia parokia, na yeye alisema siku ya kuvigawa kwamba neno Kifaransa limezidi, mama hawa wanasoma Kiswahili tu. Wakamjibu wageni wako njiani, tia sahihi. Akatia, kwa sababu mama walikuwa wamevaa vitenge vipya na hakutaka kuwaharibia sikukuu.

Wenzangu walipoondoka nilibaki kufagia. Nilijua kuna jambo lazima nilitoe, maana kikulacho ki nguoni mwako, na katika nguo ya mama wale nilikuwa mimi.

"Madame, mimi nilisoma kifungu cha saba siku ile," nikamwambia. "Niliona Bunagana. Nilielewa."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

Nikamweleza. Ile njia naijua, inapita mlangoni kwa baba yangu, najua inavyofungwa. Lakini Rodrigue alikuwa ametoka chuo kikuu, mama wote walikuwa wameshika kalamu, na mimi niliona haya kusimama na kuonekana najifanya mjuzi. Isitoshe, kifua changu kilikuwa kimechoka na moshi. Niliitaka ile gesi.

Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa utulivu vile. Alinitazama mpaka nikaweka ufagio chini. Nikasema nitakwenda kusema kweli mbele ya msuluhishi, maana mkataba ulituelekeza kwa msuluhishi kama kuna ugomvi.

"Ukisema mumoja wenu alisoma, kiwanja kimeenda," akasema. "Batakuambia katibu alielewa, basi wote walielewa. Wewe ukae kimya, mutoto wangu. Mimi nitasema ile iko yangu."

Msuluhishi alikuwa wakili mzee wa mtaa wa Himbi, Maître Habumugisha, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakili wa kampuni alizungumza kwanza na kwa kifupi. Akaonyesha maneno matatu yaliyoandikwa kwa mikono kumi na sita. Akaonyesha vyeti. Akauliza kama mtu anaweza kuandika kwa mkono wake kwamba amesoma, akiwa na cheti kwamba anajua kusoma, kisha arudi kudai hakusoma. Rodrigue alikaa nyuma yake akitazama simu.

Madame Katungu akasimama. Alisema vyeti vile ni vya uongo, na mwongo ni yeye. Alisema maneno matatu aliyafundisha kama mtu anavyofundisha kuchora ua, na mama hawakujua wanachora nini kinachowafunga. Msuluhishi akataka kuona mwenyewe. Akampa Mama Émérance ukurasa wa kwanza. Mama wa watu akaushika kwa mikono yake mipana, akaanza kusoma Kifaransa kwa herufi za Kiswahili, silabi moja moja, jasho likimtoka, mpaka akakwama katikati ya neno *vendeur*, yaani muuzaji. Wakili wa kampuni akatabasamu. Ningeweza kumpiga. Katungu aliinamisha kichwa, kwa kuwa kila silabi aliyoikosa mwanafunzi wake ilikuwa inaanguka juu yake.

Kisha Maître Habumugisha akauliza swali nililoliogopa wiki nzima.

"Madame, katika hawa wamama wote, hakuna hata mumoja aliyeelewa?"

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Hakugeuka.

"Maître, hakuna mutu niliyemufundisha mimi aliyeelewa kitu."

Ilikuwa kweli. Mimi hakunifundisha yeye. Msuluhishi akaandika, akafunga daftari, na baada ya wiki moja akatoa uamuzi: rehani ya kiwanja imefutwa, mitungi iliyorudi Uganda si yetu, tutalipa gesi iliyofika Ndosho tu. Kampuni ikapewa siku thelathini za kukata rufaa. Mama walilia, wakaimba, wakamwagiana unga kichwani. Katungu alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Jumapili iliyofuata, parokia ikatangaza mbele ya watu wote kwamba vyeti vya darasa la akina mama vimebatilishwa, na mwalimu amepumzishwa. Hawakutaja shirika lililochapisha vyeti. Hawakutaja wageni waliokuwa njiani. Mtu aliyefundisha wajukuu wa nusu ya Ndosho alipumzishwa kama mlinzi aliyelala kazini, na chumba chake akapewa kijana mmoja wa kwaya. Tangu siku hiyo ndipo mlipoanza kumcheka bombani. Na mimi, kila mlipocheka, nilijaza ndoo yangu nikaondoka, kwa sababu kama neno langu lingeifikia kampuni kabla ya siku thelathini, kiwanja kingekwenda.

Siku thelathini zimekwisha jana. Hakuna rufaa iliyowekwa, Mama Émérance ameuliza mwenyewe kwa msuluhishi. Jioni nilipita kwa Madame Katungu nikamwambia sasa nitasema. Alikuwa anachambua mboga. Akaniambia niache tu, watu watasahau, na kwamba mchuzi wake utaungua nikiendelea kumshikilia mlangoni.

Siachi. Karatasi hii naibandika kwenye mlango wa kanisa kabla ya misa ya pili, kwa Kiswahili, ili kila mmoja aisome bila kumwita mtu wa chuo kikuu. Katika ukumbi ule wa hoteli, siku ya sahihi, watu waliojua kile kifungu kinasema nini tulikuwa wawili, Rodrigue na mimi. Yeye alilipwa ili anyamaze. Mimi nilinyamaza bure.