Picha Aliyoipunguza Letisia

Katika Katesh nzima, kwa maoni ya Letisia Hhando, hakukuwa na mtu mwingine anayejua kuandika programu, na maoni hayo hakuyaficha. Binti huyu wa Gitting alisomea kompyuta Arusha, akarudi kufungua duka la picha karibu na stendi. Vijana waliokuja kuomba kazi mtandaoni walikataliwa picha zao kwa sababu ya ukubwa. Wenye maduka wengine walizipunguza moja moja. Letisia alikuwa na maktaba.

Si ya vitabu. Waandika programu huita maktaba kazi ambayo wenzao wamekwisha kuiandika, wewe unaichukua na kuitumia. Hii yake ilijua kusoma na kuandika mafaili ya picha. Aliiamuru kwa mistari michache tu: fungua, punguza, hifadhi. Kisha alikunja mikono na kuwatazama wateja, waone.

Siku moja kompyuta ikalalamika kwamba imejaa. Letisia akaielekeza programu kwenye picha zake zote za harusi, ubatizo na komunio, akidhani itamtolea nakala ndogo pembeni. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyeandika kwamba ihifadhi kwa jina lilelile. Maktaba haina ubishi. Iliandika ndogo juu ya kubwa, zote, na kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta. Letisia akauchuna. Nani angekuja kudai picha za zamani?

Akaja mzee Baltazar Qamara wa Masakta, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mke wangu Oliva ametutoka. Tunazika kesho. Ile picha uliyompiga kwenye komunio ya mjukuu, nikuzie. Itangulie mbele ya jeneza."

Oliva hakupenda kamera maisha yake yote. Siku ile tu, nje ya kanisa, alikubali, akacheka. Hawakuwahi kuisafisha kwenye karatasi, na nyingine haikuwepo.

Letisia akaifungua. Ilikuwa ndogo kama stempu. Hapo ndipo angesema, na mdomo ukawa mzito. Msomi mzima aseme nini? Aliivuta ikawa kubwa, uso ukageuka vibonge vya rangi, akaulainisha ukawa ukungu. Akaichapa hivyohivyo, akaitia kwenye fremu ya kioo akijua anachofanya.

Mzee aliishika mbali, akaisogeza karibu, akafuta kioo kwa koti. Letisia alisubiri kufokewa.

"Umefanya vizuri, mwanangu," mzee alisema. "Ila macho yangu yamekwisha. Hata Oliva simwoni."

Akashukuru, akaondoka. Letisia alibaki ameinamia meza, uso unawaka kwa aibu.

Kesho yake alikwenda msibani Masakta. Watu walikuwa wamekwisha kuaga, jeneza limefungwa, picha imesimamishwa juu yake. Kila aliyekuja kumpa pole, mzee alimuuliza, "Unamwona anavyocheka?" Na majirani, watu wa heshima, nani angemvunja moyo mfiwa?

"Tunamwona, mzee. Anacheka kabisa."

Kila walipoitikia, mzee alijipangusa macho yake na kuinamisha kichwa. Letisia alitamani ardhi ipasuke immeze. Uongo wake mmoja sasa ulikuwa ukisemwa na kijiji kizima, kwa upendo. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Baba, si macho yako. Ni mimi. Picha niliiharibu dukani, nikakuficha. Hakuna anayemwona hapo. Na ile nzuri haipo tena, siwezi kuirudisha."

Majirani wakatazama chini. Mzee akayainua macho kwenye migomba, kwenye ng'ombe wa jirani kule mteremkoni, kama anayekagua.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, baba."

Mzee akalitazama jeneza.

"Asubuhi mlipoaga, mimi nilipita bila kumwangalia," alisema. "Nilijua sitamwona."

Akamgeukia katekista aliyeongoza mazishi, akamwomba jeneza lifunguliwe tena kidogo. Letisia akainuka, akaiondoa picha yake juu ya kifuniko.